Majina ya Ndugu Waliokufa Vitani

Mwezi wa Novemba, mwezi wa kuombea wafu, mzee mmoja mkristu alinijia hapa Bule. Akaweka franka zake mezani, akaomba Misa. Akasema: « Padri, ni juu ya ndugu wawili wa babu yangu. Bula-Matari aliwachukua wakati wa vita ya Wadachi, wabebe mizigo upande wa Rutshuru. Hawakurudi. » Nikashika kalamu, nikamwuliza majina yao. La mkubwa alilijua. La mdogo hakulijua. Akafikiri kidogo, kisha akasema: « Nyumbani wanamtaja tu kama Mdogo wake. » Nikaandika hivyo katika kitabu cha nia za Misa: jina moja, na nyuma yake maneno « na mdogo wake ».

Misa ile ilisomwa. Mungu hakosi jina la mtu, naye alimjua yule mdogo mbele ya sisi kumwombea. Hilo ni fundisho letu, wala hatuna shaka nalo. Lakini neno lile lilibaki moyoni mwangu. Je, kwa sababu Mungu anajua, sisi tumefunguliwa kazi ya kujua? Tusomapo Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, twaona mambo mengine. Nyuma ya mapigano, Yuda na watu wake walirudi kuokota maiti za wenzao ili wawazike pamoja na jamaa zao. Wakakusanya sadaka, wakaipeleka Yerusalemu, itolewe kafara kwa ajili ya marehemu. Kwanza walirudi uwanjani kuwatafuta, kisha wakasali.

Nimetaka basi kueleza kwa kifupi namna watu wengine walivyowatafuta wafu wao wa vita, namna wafu wa inchi yetu walivyoachwa bila kutafutwa, na kazi gani yatubakia sisi, mapadri, waseminari na makatekista.

I. Ndugu wanne wa Glasgow

Tuanze mbali, katika inchi ya Scotland, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Uingereza. Ni inchi ndogo, lakini katika vita kubwa ya 1914-1918 ilitoa askari wengi sana. Kwa hiyo nyumba nyingi zilipoteza watoto wawili, watatu, hata zaidi.

Katika mji wa Glasgow kulikuwa na jamaa moja ya Anderson, yenye watoto wanne wa kiume. Wote wanne walikufa katika vita ile. Charles aliuawa Ufaransa mwezi wa Desemba 1914, vita ikiwa ingali changa. Alexander Ronald alifuata mwaka wa 1915. Edward alikuwa rubani. Alikufa Machi 1918 kwa ajali ya ndege huko Uingereza. Mwezi uleule, tarehe 25, William Herbert aliuawa Ufaransa. Alikuwa mkuu wa batayo, naye aliongoza watu wake kuwarudisha nyuma maadui waliokuwa wamepenya. Nyuma ya kufa kwake alipewa Victoria Cross, nishani iliyo kubwa kupita zote katika jeshi la Uingereza.

Mtu aweza kusema: hao walikuwa wakubwa, watoto wa nyumba yenye mali, si ajabu habari zao zimehifadhiwa. Ni kweli. Lakini tazama hata askari mdogo wa Scotland, mtoto wa mchimba makaa au wa mvuvi wa samaki. Ukienda katika kijiji chake leo, utakuta nguzo ya jiwe au msalaba, na juu yake majina ya watu wa kijiji waliokufa vitani, moja moja. Katika ngome ya Edinburgh ilifunguliwa mwaka wa 1927 nyumba ya ukumbusho wa wafu wa Scotland. Ndani yake mna vitabu vyenye majina yao, na mna sanduku la chuma lenye orodha ya majina yote, limewekwa pahali pa heshima kama sisi tuwekavyo masalio ya watakatifu katika altare.

Tena, mwaka wa 1917 Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita. Kanuni yake ilikuwa hii: kila mfu awe na jina lake juu ya jiwe, mkubwa na mdogo, tajiri na maskini, wapewe jiwe la namna moja. Ambaye mwili wake haukuonekana, jina lake liandikwe ukutani. Huko Thiepval, Ufaransa, kuna jengo moja lenye majina zaidi ya 72,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana.

II. Namna ya kufuata habari za mfu

Hata leo jamaa za Scotland hupenda kufuata habari za ndugu zao wa zamani. Namna yao ya kutafuta yatufaa sisi pia.

Huanza na jina juu ya jiwe. Toka pale huenda katika kitabu cha ubatizo cha parokia, wapate wazazi na mwaka wa kuzaliwa. Kisha daftari la shule, kisha hesabu ya watu ya serkali, inayoonyesha nani alikaa nyumba gani. Halafu kitabu cha siku cha batayo, ambamo mkuu wa askari aliandika kila jioni mambo ya siku ile. Mwisho, barua zilizobaki katika sanduku la bibi. Kutoka jina moja huinuka maisha ya mtu mzima: kazi yake, mchumba wake, siku aliyoumia, pahali alipoanguka.

Angalia vema jambo hili. Mwezi wa Septemba 1940, katika vita ya pili, mabomu yalichoma London nyumba ya karatasi za askari wa vita ya kwanza. Sehemu kubwa ya karatasi hizo iliteketea, wala hazitapatikana tena. Lakini wafu hawakupotea pamoja nazo. Kwa nini? Kwa sababu jina lilikuwa limeandikwa pahali pengi: kanisani, shuleni, kijijini, kaburini. Moto uliteketeza kitabu kimoja, vingine vikasimama. Nasi tuwakumbushe hilo wale wote wanaoshika vitabu vya misioni.

III. Mtoto wa Kilo

Sasa tugeuke nyumbani. Je, katika Ituri yuko mtu wa vita ile ambaye twaweza kufuata habari zake namna hiyohiyo? Yuko mmoja, na habari zake ni za ajabu.

Anaitwa Albert Kudjabo, mzaliwa wa Kilo, katika teritori yetu ya Djugu, kule ambako Wazungu waliona dhahabu mwaka wa 1903. Kudjabo alifika Ubelgiji mbele ya vita. Agosti 1914 Wadachi walipoingia inchi ile, kikaundwa kikosi cha watu wa kujitolea wa Kongo, chini ya koloneli Chaltin. Wengi wao walikuwa Wazungu waliokwisha kufanya kazi huku. Lakini kati yao mlikuwa na Wakongomani wachache, kama Kudjabo, Joseph Adipanga na Paul Panda Farnana. Kikosi kilipelekwa Namur. Mji ulianguka mwezi uleule, nao wakakamatwa. Basi mtoto wa Kilo akakaa Ujerumani mfungwa wa vita kwa miaka.

Wakati ule wenye elimu wa Ujerumani walizunguka katika kambi za wafungwa na mashine ya kushika sauti, wakusanye lugha za mataifa yote. Mwaka wa 1917 walimfikia Kudjabo. Aliimba, alisema, alipiga ngoma na mluzi. Sauti yake ingali inahifadhiwa Berlin, katika Universite ya Humboldt. Siku hizi Sammy Baloji, fundi wa sanaa wa Lubumbashi, ameichukua sauti ile katika kazi yake, na watu wa Ulaya wamesimama kuisikiliza.

Kudjabo alitoka kifungoni mzima. Mwaka wa 1919 alikuwa pamoja na Panda Farnana katika kuanzisha Union Congolaise, chama cha Wakongomani wa Ubelgiji cha kusaidiana na kutetea haki zao.

Tukiuliza kwa nini twamjua Kudjabo, jibu linauma. Si kwa sababu kijiji chake kilisimamisha jiwe, wala kwa sababu serkali iliyomtumia ilimtafuta. Twamjua zaidi kwa sababu adui aliyemfunga alichukua karatasi, akamwuliza: Jina lako nani? Umezaliwa wapi? Wasema lugha gani? Akaandika majibu.

IV. Wapagazi

Kudjabo ni mmoja tu. Wengine walikuwa wengi mno, nao njia yao haikwenda Ulaya. Ilikwenda Rutshuru, Kigali, Tabora, Mahenge.

Wakati wa vita ya kwanza, Afrika ya Mashariki ya leo Tanzania, Rwanda na Burundi ilikuwa chini ya Wadachi. Mwezi wa Aprili 1916 askari wa Force Publique, chini ya jenerali Tombeur, walivuka mpaka. Mwezi wa Mei waliingia Kigali, na tarehe 19 Septemba 1916 walitwaa Tabora. Mwaka uliofuata walifika mpaka Mahenge. Katika vitabu vya shule vya zamani ushindi huo umesifiwa sana. Lakini hapakuwa na motokari za kutosha wala njia zake. Punda na ng'ombe waliuawa na ndorobo. Kila sanduku la risasi, kila gunia la mchele, kila kitanda cha mkubwa, kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa upande wa Kongo ni wapagazi 260,000 hivi. Waingereza nao waliwatumia zaidi ya 1,000,000 katika inchi zao, na waliokufa, kwa hesabu ya serkali yenyewe, walipita 95,000. Neno la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika jina la mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Watu hununua mboga pale kila siku wala hawafikiri ya kwamba wanataja jina la wafu.

Hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu, kwa baridi ya milima, kwa posho isiyopikwa vema. Mtu aliyezoea ndizi au muhogo alipewa unga usioiva, tumbo likaharibika, na mzigo ulikuwa uleule. Aliyeanguka alizikwa kando ya njia, na wenzake wakaendelea.

Majina yao je? Mara nyingi chifu aliagizwa kutoa watu kwa hesabu: kumi, ishirini, hamsini. Karani asiyejua lugha yao aliandika jina kama alivyolisikia, au aliandika jina la kutaniwa, au jina la chifu tu. Matokeo yake yalionekana nyuma ya vita. Katika Kenya, Oscar Watkins, mkuu wa kikosi cha wapagazi, alishindana sana ili mishahara ya marehemu ifike kwa jamaa zao. Lakini fedha nyingi hazikulipwa. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba wenyewe hawakuweza kutambulikana.

Mwaka uleule wa 1927, Scotland ilipofungua nyumba yake yenye majina yote, huko Dar es Salaam walisimamisha sanamu ya askari mweusi mwenye bunduki. Ni sanamu nzuri, ina maneno ya heshima, hata kwa Kiswahili. Lakini jina halina hata moja. Ile Tume ya Makaburi, iliyosema kila mfu apate jina, haikushika kanuni yake katika Afrika. Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa, ikaungama: watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa jina, au hawakukumbukwa hata kidogo. Ikaomba radhi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia moja.

V. Jina ni ulinzi wa mtu

Mtu aweza kujibu: majina yatawafaa nini wafu? Nitatoa mfano, nao pia watoka kwa Mscotland.

Katika misioni ya Kiprotestanti ya Kikuyu, Kenya, alikuwako mganga wa Scotland, Dr John Arthur. Mwaka wa 1917, serkali ilipowatafuta wapagazi kwa nguvu, vijana wa misioni yake na wa misioni za jirani walikusanywa kikosi chao wenyewe, karibu watu 2,000, naye akawaongoza. Waliondoka pamoja na viongozi wanaowajua, wakapikiwa chakula chao kwa taratibu, mgonjwa akaonekana mapema. Nao walikufa wachache sana kuliko wapagazi wa makundi mengine.

Kazi ilikuwa ileile, mvua na homa vilevile. Tofauti ilikuwa hii: katika kikosi kile mtu akikosa kuonekana asubuhi, wenzake wanajua ni nani aliyekosa. Katika makundi mengine ilipungua hesabu tu, na hesabu huweza kujazwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo nasema: jina linamlinda mtu angali hai, kisha linamheshimu akiisha kufa. Asiyeandikwa jina, posho yake pia yasahauliwa.

Sisi wa Bule twalijua neno hilo kuliko wengi. Watu wanaokaa kambini hapa wanajua maana ya orodha: asiyekuwamo hapati unga wala hema. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu wenye silaha waliingia kambi ya Plaine Savo, karibu na hapa, wakaua watu karibu 60, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Habari ile ilitangazwa katika radio za dunia yote. Ilitangazwa kwa hesabu. Kesho yake ilikuja hesabu ya pahali pengine, na ile ya kwanza ikasahauliwa. Naogopa isije ikawa, miaka mia moja ijayo, mjukuu mmoja akaja kwa padri wa Bule na sadaka ya Misa, akasema: « Ni juu ya babu yangu na mdogo wake, jina la mdogo hatulijui. »

VI. Kazi yetu

Scotland ilikuwa na fedha ya kujenga nyumba juu ya ngome. Sisi hatuna. Lakini tunacho kitabu cha wafu, ambacho sheria ya Kanisa yaagiza kiwe katika kila parokia. Bei yake ni daftari moja na kalamu. Basi nashauri mambo haya matano.

Kwanza. Katekista wa kila kijiji aandike kila mtu anayekufa: jina la nyumbani, jina la ubatizo, jina la baba na la mama, kijiji alikotoka, siku, sababu ya kufa, na pahali pa kaburi. Asiandike « mtoto wa fulani » tu. Mtoto wa siku mbili pia ana jina.

Pili. Asiyebatizwa, na mkristu wa kanisa lingine, waandikwe katika daftari la pembeni. Risasi haikuuliza dini yao. Nasi tusiwaache kando ya njia kama wapagazi. Vilevile tusichague kabila. Daftari lenye wafu wa upande mmoja tu haliandiki habari za kweli. Laweza hata kuwa silaha.

Tatu. Kila mwaka nakala moja ipelekwe kwa Askofu, Bunia. Tumeona mambo ya London: kitabu kilicho peke yake ni chakula cha moto. Katika Ituri nyumba zachomwa mara nyingi kuliko London.

Nne. Waseminari, wakati wa likizo, waketi na wazee. Wawaulize: Nani wa jamaa hii alichukuliwa katika vita ya Wadachi? Nani alikwenda Abisinia mwaka wa 1941, Force Publique ilipowashinda Waitalia huko Saio? Nani alipelekwa Birma? Wajumbe wa vita ile ya pili wamekwisha. Juni 2022 mfalme wa Ubelgiji alimpa nishani Kinshasa mzee Albert Kunyuku, mwenye umri wa miaka mia moja, na watu walisema ni wa mwisho aliyebaki. Waliosikia kwa midomo ya babu zao wangali hai, lakini si kwa muda mrefu.

Tano. Siku ya Marehemu wote, majina ya mwaka yasomwe kanisani. Yote, hata ikiwa ni mengi, hata ikiwa jua ni kali. Nimeona watu waliochoka na mahubiri yangu wakikaa kimya kabisa wakingoja kusikia jina la nyumba yao.

Namaliza kwa ombi. Yule mzee ameniambia ya kwamba ndugu wale wawili walipita Beni, na toka Beni walishika njia ya kusini. Nyuma ya hapo hakuna habari. Mapadri na makatekista wa majimbo ya Butembo-Beni na Goma, mnaosoma kurasa hizi: mkisikia kwa wazee wenu habari za wapagazi wa Ituri waliozikwa kando ya njia ya Rutshuru, pahali gani, mti gani, mto gani, tafadhalini mtuandikie. Sitazamii sana kuwapata. Lakini katika kitabu cha nia za Misa nimeacha nafasi mbele ya maneno « na mdogo wake », yenye upana wa kutosha jina moja.